Kutumia Picha za MRI Kukadiria Hatari ya Saratani ya Mlango wa Kizazi Kurudi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mgonjwa anapomaliza mionzi ya nje, sisplatini (dawa ya kemotherapi) ya kila wiki na mionzi ya ndani, swali analokuja nalo kliniki ni moja: je, itarudi? Picha ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) ya kabla ya tiba hubeba sehemu ya jibu. Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa idara za radiolojia na tibamionzi wenye kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kutibiwa na kompyuta ya kawaida. Kazi kubwa iliyo mbele yenu ni kuhakikisha kwamba modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria hatari, inausoma uvimbe wenyewe, si mashine iliyoupiga picha.

Hatua ya 1: Fafanua maana ya kurudi

Saratani ambayo haikuwahi kuisha si saratani iliyorudi, kwa hiyo watenge kwanza wagonjwa ambao uvimbe ulibaki baada ya tiba. Kisha andika kama unakadiria kurudi ndani ya nyonga, au mbali, kwa mfano kwenye mapafu na mitoki ya kando ya aota, na udai uthibitisho wa biopsi (kipande cha tishu kilichopimwa) au wa picha zinazofuatana. Sehemu kubwa ya saratani hizi hurudi ndani ya miaka 2 hadi 3 ya kwanza, hivyo miaka 2 ni kipindi kinachofaa kuanzia. Mama aliyeacha kuja kliniki baada ya miezi 5 kwa kukosa nauli asiandikwe kuwa amepona. Mwingize kwa miezi yake 5 tu, kwa njia ya Cox, hesabu ya takwimu ya muda hadi tukio, ambayo imeundwa kupokea ufuatiliaji uliokatika.

Hatua ya 2: Kusanya picha pamoja na historia yake

Unahitaji picha za T2 (aina ya picha za MRI zinazoonyesha umbo la tishu) za upande na za mkato unaoukata mfereji wa mlango wa kizazi kwa pembe mraba, pamoja na picha za mtawanyiko wa maji zenye thamani ya b (kiwango cha kuhisi mtawanyiko huo) ya 800 au 1000 na ramani yake ya ADC, inayoonyesha maji yanatembea kwa uhuru kiasi gani ndani ya tishu. Kwa kila mgonjwa andika mashine iliyotumika, nguvu ya sumaku (tesla 1.5 au 3), unene wa vipande, na tarehe ya biopsi, kwa sababu damu na kuvimba kunakoachwa na biopsi hubadilisha mwonekano. Baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili, futa majina ndani ya faili za DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali), na uzifungue kwa macho, maana wakati mwingine jina huwa limeandikwa juu ya picha yenyewe.

Hatua ya 3: Chora mipaka ya uvimbe

Hapa ndipo muda wako unapaswa kwenda. Fungua T2 katika 3D Slicer, programu ya kuchora juu ya picha za tiba. Tishu isiyo na ugonjwa ya mlango wa kizazi huonekana kama pete nyeusi, na uvimbe huonekana ndani yake ukiwa wa kijivu kinachoelekea weupe. Fuata pete hiyo kipande kwa kipande. Mahali inapokatika, na kijivu kikamwagika kuelekea tishu za pembeni, simama na uweke ramani ya ADC kando yake: uvimbe ulio hai huwa mweusi kwenye ADC na mweupe kwenye picha ya b ya juu, ilhali majimaji huwa meupe kwenye ADC. Usiingize ukuta wa kibofu wala puru. Mpe mwenzako achore wagonjwa 30 hivi bila kuona michoro yako, kisha, utakapotoa vipimo vya uvimbe katika Hatua ya 4, ubakize vile tu vinavyokubaliana kati ya wachoraji wawili.

Hatua ya 4: Toa vipimo

Weka vokseli (vijisanduku vinavyounda picha) zote katika ukubwa mmoja, kisha sawazisha mng'ao, kwa kuwa namba za MRI, tofauti na za CT, hazina kizio cha kudumu. PyRadiomics, programu ya kugeuza picha kuwa namba, itakupa vipimo 107 vya umbo, mng'ao na umbile la ndani la uvimbe kwa mpangilio wake wa kawaida.

Hatua ya 5: Vipunguze bila huruma

Ukiwa na wagonjwa 120 na saratani imerudi kwa 24, modeli yako inahimili vipimo 2 au 3. Anza kwa kuchagua kati ya yale ambayo daktari anayajua tayari: hatua ya ugonjwa kwa FIGO (mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani hii) ya 2018, ambayo inahesabu mitoki ya nyonga kuwa IIIC1 na ya kando ya aota kuwa IIIC2, ujazo wa uvimbe, hali ya VVU, na kama tiba ilivuka siku 56. Kipimo cha picha kibaki tu kikiongeza kitu juu ya hayo. Vipimo vingi vya umbile la ndani ni ujazo uliovaa jina jingine.

Hatua ya 6: Pima kwa haki

Gawa wagonjwa, usigawe faili. Niliwahi kugawa faili, na wagonjwa waliopigwa picha mara mbili wakaangukia pande zote mbili. Modeli ikaonekana hodari mno, lakini tulipogawa upya kwa namba ya mgonjwa ikawa karibu na kubahatisha. Angalia pia kama wagonjwa mahututi walipelekwa kwenye mashine moja na wenye ugonjwa wa mapema kwenye nyingine. Toa faharasa ya C, kipimo cha jinsi modeli inavyowapanga wagonjwa kwa hatari, ambayo kwa 0.5 ni sawa na kurusha shilingi, na ulinganishe hatari iliyokadiriwa na iliyotokea. Mwisho, ijaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine.

Hatua ya 7: Peleka matokeo kliniki

Alama ya juu ya hatari kutoka kwa modeli isitumike kumnyima mtu tiba. Itumike kumpangia kliniki za karibu zaidi na kumtanguliza kwenye foleni ya PET-CT (picha inayoonyesha saratani iliyo hai mwilini) ya mwezi wa 3 baada ya tiba, na pasipo na PET-CT, kwenye MRI ya kurudia pamoja na uchunguzi wa daktari kwa mikono. Andika alama hiyo kwenye faili pamoja na tarehe ya picha iliyoitoa, ili daktari wa zamu ajue inahusu uvimbe wa kabla ya tiba.