Somo: Mwanao akitiwa nyaya za meno nawe unaishi Lamu

Mimi si daktari. Ni mama wa mtaa wa Mkomani niliyevuka bahari na binti yangu hadi Mokowe, bara, kwa miezi 22, tukapanda basi la Mombasa kwenda kukaza nyaya, tukarudi. Watu huniuliza bei ya nyaya. Niulizeni na nauli.

Kwanza, mtoto aangaliwe akifika miaka 7 hivi. Si kwamba atatiwa nyaya papo hapo. Wengi hungoja meno ya utotoni yaishe kung'oka. Lakini umri huo magego ya kwanza ya ukubwani huwa yameshatoka, na daktari huona kama taya la chini limetangulia la juu.

Pili, kabla ya kulipa, yatibiwe kwanza meno yaliyotoboka na fizi zinazotoka damu. Hakikisha daktari amesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno wa Kenya. Kisha uliza: bei hiyo ni pamoja na eksirei na ritena, kile kifaa cha kuyashika meno nyaya zikitoka? Mimi sikuuliza. Siku ya kutoa nyaya nikapewa bili nyingine.

Tatu, kukaza ni kila wiki 4 hadi 8. Jino likisukumwa, mfupa huliwa upande mmoja ukajengwa upande wa pili, na kazi hiyo haina haraka. Siku 3 za mwanzo ni uji na samaki wa mchuzi.

Nne, chakula, na hapa ndipo penye vita. Kashata, njugu, barafu ya kutafuna: hapana. Binti yangu alirudi harusini kibati kimoja, kile kinachogandishwa jinoni kushika waya, kinaning'inia kama kishaufu. Alimenya muwa kwa meno! Usiku kucha ncha ya waya ikamchoma shavu. Nikaibandika nta ya meno, akasukutua maji vuguvugu ya chumvi. Hiyo nta iombeni kwa daktari mapema, usiku huku hamna pa kuinunua.

MASWALI kutoka mitaa na vijiji vya Lamu

Langoni: Mwanangu hutumia msuaki wa mti. Watosha?
Hautoshi, mama. Hauingii chini ya waya. Apige brashi laini yenye dawa ya floridi kila akila, na kibrashi chembamba cha kupitisha kati. Uchafu ukiganda, nyaya zikitolewa utakuta madoa meupe kuzunguka palipokuwa na vibati, na hayafutiki kirahisi.

Shela: Nina miaka 38. Nimechelewa?
La, dada. Fizi na mfupa vikiwa vizima jino husogea. Ila taya la mtu mzima halikui tena, kwa hiyo kasoro ya taya lenyewe huenda ikahitaji upasuaji.

Matondoni: Nyaya zikitoka, si tumemaliza?
Bado. Meno hutaka kurudi kwao. Ritena huvaliwa kutwa kucha miezi ya mwanzo, kisha usiku, kwa miaka. Usiioshe kwa maji moto, itapinda. Wala mtoto asiifunge kwenye tishu akila. Ya kwanza ya binti yangu ilitupwa na maganda ya ndizi, na nilipofika jaani nilimkuta punda keshamaliza.