Pedi zisiingie kwenye choo kikavu
Damu ya hedhi haiharibu choo kikavu cha kutenganisha mkojo, yaani choo kisichotumia maji, ambamo mkojo hupita njia yake na kinyesi hukaushwa kwa majivu. Kinacholeta shida ni pedi: plastiki yake haiozi, na anayepakua kinyesi huishia kuichambua kwa mikono. Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya choo, kamwe si nje, ambako kila mtu humwona anayetupa.

Maji ya kutawaza au kufulia vitambaa yapewe tundu lake, yaende kwenye shimo la changarawe. Yakilowesha kinyesi, majivu huzidiwa, harufu na funza hufuata.

Chumba cha kinyesi chini ya choo kikijaa, kifunge mwaka mzima kabla ya kukipakua, maana mayai ya minyoo hudumu miezi mingi. Mpakuaji avae glavu na buti. Mjamzito asipewe kazi hii: minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo na kuzidisha upungufu wa damu.