Kuotesha viazi vya dalia kwenye chungu kabla ya kuhamishia nje

Sisi tunaoishi sehemu za baridi kama Minnesota, Marekani, shida yetu na maua ya dalia ni muda tu. Asili yake ni milima ya Meksiko, kule mwaka 1963 walilitangaza ua la taifa, na barafu haliiwezi kabisa, usiku mmoja tu majani yanakuwa meusi. Sasa hapa Minneapolis barafu ya alfajiri inaweza kukusumbua mpaka katikati ya mwezi wa tano, halafu mwishoni mwa wa tisa au wa kumi hii hapa tena. Dalia inataka kama siku 90 mpaka 120 toka kiazi kiingie udongoni ndio ichanue, piga hesabu mwenyewe, ukipanda nje mwishoni mwa mei unaanza kuona maua wakati watoto wanarudi shule. Ndio maana tunaianzishia ndani kwenye chungu, wiki nne hadi sita kabla ya barafu kuisha, yaani kwa huku kuanzia mwanzoni mwa aprili mpaka katikati. Kuna watu wanakimbilia februari, mi siwashauri, utajikuta na mimea mirefu legelege imejaa sebuleni na nje bado theluji.

Kabla hujagusa udongo kagua viazi. Kiazi cha dalia sio kama kiazi cha chipsi ambacho macho yamesambaa kila mahali ukikata kipande popote kinaota, hiki jicho lake liko sehemu moja tu, pale juu shingoni kinapoungana na kipande cha shina la mwaka jana. Kishike karibu na dirisha ukizungushe taratibu, utaona kauvimbe kadogo, saa nyingine keupe saa nyingine kana rangi ya pinki au zambarau, hilo ndio jicho. Kama shingo imevunjika au kiazi kimekatwa bila kuachiwa ile sehemu ya juu, hata kiwe kikubwa namna gani hakitaota, kitatoa mizizi tu na kukaa hivyo hivyo. Na ukubwa usikudanganye, kiazi cha saizi ya betri ya rimoti chenye jicho ni bora kuliko bonge lisilo na jicho. Ukiwa huoni chochote usitupe haraka, macho mengine yanachelewa kuamka, kiweke sehemu yenye joto kwenye udongo wenye unyevu kidogo wiki mbili hivi halafu angalia tena.

Chungu cha lita 4 kinatosha, na si lazima ununue, galoni la maziwa ukilikata juu na kulitoboa matundu chini linafanya kazi ileile. Tumia udongo mwepesi wa kwenye mifuko, usichimbe wa bustanini maana unashikamana na kukaa na maji. Laza kiazi, jicho liangalie juu, funika sentimita 2 au 3 tu, kipande cha shina la zamani kikichomoza hakuna neno.

Haya sasa maji, na hapa ndio watu wengi wanaua dalia zao, sio baridi jamani, ni maji. Kiazi kipya hakina mizizi kwa hiyo hakinywi chochote, kina maji na chakula chake mwenyewe ndani, wewe ukimwagilia kila siku kwa huruma unakiozesha tu. Lowesha udongo kabla ya kupanda, chukua konzi moja uufinye, ukishikana bila kudondosha hata tone basi uko sawa. Baada ya hapo acha. Usimwagilie mpaka uone chipukizi, labda udongo uwe umekauka vumbi kabisa ndio unyunyizie kidogo pembeni. Ukisikia harufu ya uchachu fukua uangalie, kama ncha ya chini ndio imelainika kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi, kiache kikauke siku moja mbili urudishe kwenye udongo mpya. Shingo ikishaoza hapo hamna kitu, tupa.

Joto linalofaa ni nyuzi 18 mpaka 21 za selsiasi, kwa wanaotumia farenhaiti ni kama 65 hadi 70. Kwenye besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, pandisha vyungu mezani kwa sababu sakafu ya zege inavuta baridi. Wakati huu mwanga hauna kazi, ila chipukizi likitokeza tu hali inabadilika, dirisha peke yake halitoshi, weka taa za LED karibu na majani na uziwashe saa 14 hivi kwa siku. Dalia ikipata mwanga chini ya saa 12 inaanza kujaza viazi badala ya kukua.

Kiazi kikitoa machipukizi mengi bakiza mawili matatu, na hayo mengine ni mali usiyatupe, maana viazi vya aina zinazogombaniwa kama Café au Lait bei yake unaijua. Chipukizi likifika sentimita 8 likate chini kidogo ya jozi ya majani, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, funika na mfuko angavu, baada ya wiki mbili tatu lina mizizi. Kisu kisafishe na jiki iliyochanganywa na maji kila unapohamia kiazi kingine sababu virusi vinasafiri na utomvu, na mmea ukiwa na michirizi ya njano kwenye mishipa ya majani usichukue chipukizi hapo, utakuwa unazalisha ugonjwa. Mmea mkuu ukifikisha jozi tatu au nne za majani kata ncha ya juu, inauma roho lakini ndio unatoa matawi.

Kuhamisha subiri udongo wa nje ufike nyuzi 15. Kabla ya hapo zoesha mimea siku 7 mpaka 10, mwanzo kivulini saa chache, usiku unairudisha ndani, halafu jua unaongeza pole pole, ukiitoa juani siku moja majani yataungua meupe. Chomeka mti wa kuegemea kwanza ndipo uweke mmea, ukichomeka baadaye unaweza kutoboa kiazi. Toka mmea mpaka mmea acha sentimita 45 hadi 60, toa mmea kwenye chungu pamoja na udongo wake wote na mizizi bila kuutikisa, na jioni hiyohiyo weka dawa ya konokono kwa sababu wale wasio na gamba wanapenda dalia changa kuliko kitu chochote bustanini na wanakula usiku.