Picha za safari zimejaa kwenye laptop? Zitazame kwa tarehe
Wadau wa utalii hapa Arusha na nyie wa Moshi mnaopandisha wageni Kili, acheni kufungua folda moja moja kutafuta simba wa Ngorongoro. Wekeni digiKam, programu ya kompyuta ya kupanga picha, ni ya bure na ukishaiweka haili bando, ukishaipa folda zako fungua sehemu ya Timeline, chagua ipange kwa siku (Day), inakuchorea vinguzo, kinguzo kirefu ndo siku mlipiga picha nyingi, bonyeza hapo vinakuja vijipicha vya siku hiyo tu. Ramani nayo tamu ila inataka neti na kamera nyingi hazina GPS ya kurekodi picha ilipigwa wapi, kwa hiyo za simu ndo zitaonekana zaidi. Zile picha za chui zinazofanana iambie digiKam izitafute, itazileta pamoja uchague moja. Skani ya kwanza inachukua muda, iache usiku, tuombe tu Tanesco wasikate 😅