TSH imetoka kawaida na dalili bado zipo: jinsi ya kuifuatilia tezi hadi upate jibu

Uchovu usioisha, baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kigumu, nywele kukatika, hedhi kuvurugika. Unapimwa TSH, homoni inayoonyesha kazi ya tezi ya shingoni (thairoidi), inatoka 2.1, unaambiwa tezi haina shida. Kwa watu wengi jibu hilo ni sahihi. Kwa wachache si sahihi, na hao wanaweza kuzungushwa miaka mingi wakitibiwa upungufu wa damu au presha ya kushuka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Chukua karatasi yenye namba

Usiondoke na maneno "vipimo viko safi". Omba nakala, kisha angalia mambo manne: kimepimwa nini, namba ni ngapi, kizio ni kipi, na maabara yenyewe inahesabu kawaida kuanzia wapi hadi wapi. Andika pembeni tarehe na saa uliyotolewa damu.

Mara nyingi utakuta ni TSH peke yake. Homoni hii hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamuru thairoidi ya shingoni itengeneze homoni zake, T4 na T3. T4 ikipungua, pituitari hupandisha TSH. Ndiyo maana kipimo hiki kimoja kinatosha kuchuja watu wengi kwa gharama ndogo. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa takriban 0.4 hadi 4.0 mIU/L. Lakini hesabu hiyo yote inachukulia kwamba pituitari yenyewe ni nzima.

Kuhusu vizio: FT4 (T4 iliyo huru kwenye damu) huandikwa kwa ng/dL au kwa pmol/L. Kubadili ya kwanza kuwa ya pili, zidisha kwa 12.87. Mtu aliyepata 14 hospitali moja na 1.1 hospitali nyingine hajaporomoka, ni kiwango kilekile.

Hatua ya 2: Rudia kipimo katika hali inayofaa

Hapa ndipo majibu mengi huharibika.

Biotini, aina ya vitamini B, ndiyo ya kwanza kuulizia. Vidonge vya nywele na kucha huwa na mikrogramu 5,000 hadi 10,000, ilhali mtu mzima anahitaji takriban 30 kwa siku. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, kwa hiyo ikizidi kwenye damu huishusha TSH kwa uongo na kuipandisha FT4 kwa uongo. Mwenye thairoidi iliyolegea anaweza kuonekana mzima kabisa, na mzima akaonekana ana tezi iliyozidi kasi. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu. Kama unatumia dozi kubwa zaidi, mwulize daktari au maabara usubiri kwa muda gani. Soma kibandiko cha chupa, maana hata vitamini za kawaida za mchanganyiko huwa nayo.

Pili, saa. TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Toa damu kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na ukirudia, rudia maabara ileile, saa ileile. Anayetumia levothairoksini (kidonge cha T4) atoe damu kwanza, ndipo ameze kidonge cha siku hiyo.

Tatu, ugonjwa mwingine. Malaria kali, nimonia, upasuaji au kulazwa huvuruga homoni hizi kwa muda. Kama hali si ya dharura, subiri takriban wiki 6 baada ya kupona.

Nne, dawa. Prednisoloni na deksamethasoni hushusha TSH. Dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini hushusha FT4 kwenye majibu. Mwambie daktari unazitumia, ila usiziache mwenyewe hata siku moja kwa ajili ya kipimo. Mjamzito naye ana viwango vyake, asilinganishwe na vya watu wote.

Hatua ya 3: Omba TSH na FT4 katika sampuli moja

Sema wazi: "Dokta, naomba FT4 ipimwe pamoja na TSH, kwa sababu TSH peke yake haionyeshi kama pituitari ina shida." Ombi hilo ni la kitaalamu na daktari makini atalielewa.

FT3 (T3 iliyo huru) ina maana pale TSH iko chini, moyo unaenda mbio na uzito unapungua, huku FT4 ikiwa kawaida. Kingamwili za anti-TPO, zinazoonyesha kinga ya mwili inaishambulia thairoidi, pima mara moja tu. Zikiwepo, kurudia kuzipima hakuongezi kitu. Usitumie pesa kwenye T3 ya kinyume (reverse T3), wala kwenye zile mashine za kushika kiganjani zinazodai kusoma mwili mzima. Hazipimi homoni yoyote.

Hatua ya 4: Soma namba mbili kwa pamoja

TSH juu kidogo na FT4 kawaida: rudia baada ya miezi 2 hadi 3 kabla ya kuamua lolote, kwani mara nyingi hurudi yenyewe.

Zote kawaida na anti-TPO ipo: thairoidi inashambuliwa lakini bado inamudu kazi. Pima TSH kila mwaka, na mapema zaidi ukishika mimba. Aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja ana jambo la ziada: tezi inaweza kuvimba, ikamwaga homoni nyingi miezi ya mwanzo, kisha ikalegea. Kipimo kikiangukia katikati ya vipindi hivyo viwili kitatoka kawaida, kwa hiyo arudie baada ya wiki 6 hadi 8.

FT4 chini huku TSH ikiwa kawaida au chini: hili ndilo jibu linalopuuzwa kuliko yote. T4 imepungua na pituitari haijapiga kelele. Pituitari iliyoumia inaweza kutoa TSH ya 1, ya 2, hata ya 5, isiyo na nguvu ya kutosha. Uvimbe wa pituitari ni sababu mojawapo. Kwetu, mwanamke aliyewahi kuzaa lazima aulizwe kwanza kuhusu uzazi wake, kwa sababu pituitari hukua wakati wa mimba, na damu ikivuja sana wakati wa kujifungua presha huanguka, tezi hiyo hukosa damu na sehemu yake hufa. Huitwa ugonjwa wa Sheehan, na unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Maswali ya kuuliza, na majibu yaandikwe:

- Ulivuja damu hadi kuzimia au kuongezewa damu?
- Maziwa yalitoka baada ya hapo?
- Hedhi ilirudi?
- Nywele za kwapani na sehemu za siri zinaota tena ukinyoa?
- Unasikia kizunguzungu ukisimama, au kuishiwa nguvu kabisa ukipata hata homa ndogo?

Majibu yakielekea huko, vinavyofuata ni kortisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) ya saa 2 asubuhi, sodiamu, sukari, prolaktini (homoni ya maziwa), FSH na LH (homoni za uzazi), kisha picha ya MRI ya pituitari. Kortisoli chini ya 3 µg/dL inaashiria upungufu. Juu ya 15 upungufu hauelekei kuwepo. Katikati huhitaji kipimo cha kuchochea tezi za juu ya figo.

Kipimo cha kortisoli kitangulie levothairoksini, usiruhusu mpangilio huu ugeuzwe. Levothairoksini huharakisha mwili kuimaliza kortisoli ile ndogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka, presha ikashuka, akafa. Ikiwa kortisoli imepungua, haidrokotisoni (dawa inayochukua nafasi yake) huanza, ndipo levothairoksini ifuate. Baada ya hapo dozi hupangwa kwa FT4, ambayo hutakiwa iwe nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. TSH haitumiki tena. Andika hivyo kwenye daftari la kliniki kwa herufi kubwa, maana daktari mgeni akiona TSH ya 0.1 atapunguza dozi.

Hatua ya 5: Angalia shingo

Homoni kuwa sawa hakuondoi uvimbe. Watu wengi wenye vinundu vya thairoidi, hata vya saratani, wana TSH ya kawaida. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji ukitazama chini ya kikoromeo. Uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza unahitaji altrasaundi, na huenda sindano nyembamba ya kuchukua seli. Vingi si saratani. Sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, uvimbe mgumu au unaokua haraka, au shida ya kumeza: usisubiri.

Hatua ya 6: Kama tezi kweli ni nzima

Pima wingi wa damu pamoja na feritini (akiba ya madini ya chuma), sukari, figo, VVU, ujauzito, na vitamini B12 hasa kwa anayetumia metfomini. Sonona na kukoroma kunakokatisha pumzi usingizini huleta uchovu huohuo. Usianze levothairoksini ya kununua dukani "kujaribu": ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Vidonge vya mwani vyenye madini joto mengi navyo vinaweza kuiharibu tezi iliyokuwa nzima.

Hatua ya 7: Rufaa

FT4 ikitoka chini katika vipimo viwili, omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani au wa homoni katika hospitali ya mkoa au ya kanda. Beba ukurasa mmoja: dalili na zilipoanza, dawa zote, historia ya uzazi, na majibu yote kwa mpangilio wa tarehe, vizio vikiwemo.

Mwenye historia ile ya kuvuja damu akianza kutapika, kulegea au kuchanganyikiwa, asisubiri miadi. Apelekwe idara ya dharura usiku huohuo, na ndugu aseme mlangoni kwamba pituitari yake inashukiwa kuumia. Huko damu ya kortisoli huchukuliwa na haidrokotisoni miligramu 100 huchomwa papo hapo, bila kungoja majibu.