Kupima mwendokasi wa sauti kwa bomba, ndoo ya maji na simu

Kila mwaka nikifika mada ya mawimbi, ndoo ya maji huingia darasani kabla sijaandika fomula hata moja ubaoni. Mwanafunzi aliyekwisha kulisikia bomba likiitikia hana haja ya kukariri, anajua anachokitafuta. Mwongozo huu ni wa mwalimu asiye na vifaa vya maabara, na wa mwanafunzi anayejisomea nyumbani.

Tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji chenye urefu wa sentimita 40 na kipenyo cha ndani cha sentimita 3 hivi, ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, futi ya fundi cherehani, na simu yenye programu ya kutoa toni. Ukishalikata bomba kwa msumeno, piga msasa mdomo wake uwe sawa pande zote.

Hatua ya 1. Weka toni ya hezi 800, yaani hewa itikisike mara 800 kwa sekunde. Zamisha bomba wima hadi sehemu iliyobaki juu ya maji iwe sentimita 6 au 7. Mwenzako ashike simu, spika ikiwa sentimita moja au mbili juu ya mdomo wa bomba bila kuugusa.

Hatua ya 2. Nyanyua bomba polepole, simu ipande nalo. Mwanzoni utasikia toni ile ile nyembamba ya simu. Hewa ya ndani ikikaribia sentimita 10, sauti inajaa na kuvuma. Ukipitiliza kidogo tu, inafifia. Pita hapo kwenda na kurudi mara tatu nne mpaka uridhike. Maka haishiki kwenye plastiki iliyolowa, kwa hiyo mimi hubana bomba kwa ukucha wa kidole gumba usawa wa maji, nalitoa, kisha napima kutoka ukuchani hadi mdomoni. Mara ya mwisho nilipata sentimita 10.0.

Hatua ya 3. Rudisha bomba, endelea kulinyanyua. Litaitikia tena. Mimi nilipata sentimita 31.8.

Kinachotokea ni hiki. Wimbi linashuka, linagonga maji, linarudi na kukutana na linaloshuka. Urefu wa hewa ukiwa sawasawa, mawili hayo yanajenga wimbi lililosimama: umbo halisafiri, hewa inacheza mahali pake. Kwenye uso wa maji hewa haina pa kwenda, hapo pana fundo. Mdomoni iko huru, hapo pana tumbo. Fundo hadi tumbo la jirani ni robo ya urefu wa wimbi. Fundo hadi fundo ni nusu. Wengi hudhani kwenye fundo hakuna kitu. Sivyo: hewa imetulia, lakini mgandamizo wake unapanda na kushuka kuliko kwingine kote. Mwaka 1866 August Kundt, mwanafizikia wa Ujerumani, aliyafanya mafundo yaonekane kwa macho kwa kutia unga mwepesi ndani ya bomba la kioo. Sauti iliupanga unga vichungu vichungu.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwendokasi wa sauti ni urefu wa wimbi mara idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Wanachukua urefu wa kwanza kama robo ya wimbi, wanazidisha kwa 4, kisha kwa 800: mita 320 kwa sekunde. Jibu hilo ni dogo mno, kwa sababu tumbo halikai mdomoni kabisa. Limetokeza nje kidogo, karibu 0.3 ya kipenyo. Chukua urefu wote wawili, utoe. 31.8 kutoa 10.0 ni sentimita 21.8, nusu ya wimbi, na kile kipande cha nje kimejifuta chenyewe. Mara mbili ya mita 0.218, mara 800, ni 348.8. Hewa yenye nyuzi joto 30 inatakiwa itoe karibu 349. Usitishike ukikosea kidogo: milimita moja tu hapa inabadili jibu kwa mita 1.6 kwa sekunde.

Hatua ya 5. Sasa acha maji. Ziba ncha moja kwa kiganja na upulize juu ya ile nyingine kama unavyopuliza chupa ya soda. Utapata sauti nzito, kama hezi 213. Kaza pumzi: inaruka hadi 640 hivi, mara tatu. Mara mbili haiji, maana ncha moja lazima iwe fundo na nyingine tumbo, na robo za wimbi zinazoingia humo ni 1, 3, 5. Hizo ndizo hamoniki, yaani toni ambazo bomba lenyewe huweza kuitikia, za bomba lililozibwa upande mmoja. Lililo wazi pande zote linatoa 1, 2, 3 na kuendelea.

Tofauti yake isikie hivi: piga mdomo wa bomba kwa kiganja na ukiache hapo hapo, kisha piga tena na ukiondoe upesi. Pigo la pili ni jembamba zaidi, karibu mara mbili ya la kwanza. Ukilipima kwa simu utapata kama 417, si 426, kwa kuwa bomba lililo wazi lina midomo miwili, na kila mdomo una tumbo lililotokeza nje.