Kuchagua na kumimina mvinyo mwekundu wa familia kutoka Bourgogne

Karibu mvinyo wote mwekundu wa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, hutokana na zabibu za aina moja tu: Pinot Noir. Ngozi yake ni nyembamba, rangi hafifu, ukakasi mdogo, na harufu yake ndiyo utajiri wake. Kwa kuwa zabibu ni ile ile, kinachotenga chupa na chupa ni udongo na mkono wa mkulima. Kazi yangu ni kuhudumu mvinyo mezani, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nitajuaje kuwa chupa hii imetoka kweli kwa familia iliyolima zabibu zake? Lebo inakujibu, ukijua pa kutazama.

Hatua ya 1: Tafuta mstari mdogo

Chini ya lebo, au nyuma ya chupa, kuna maneno yanayoanza na "Mis en bouteille", yaani umetiwa chupani. Yakifuatwa na "au domaine", zabibu zilivunwa, zikachachushwa na mvinyo ukatiwa chupani na shamba lenyewe. Yakifuatwa na "à la propriété", huenda ni familia, lakini hata chama cha ushirika kinaruhusiwa kuandika hivyo, kwa hiyo endelea kuchunguza. Ukiona jina la kampuni tu na hakuna neno "domaine" popote, kwa kawaida huyo ni mfanyabiashara anayenunua zabibu au mvinyo kwa wakulima. Wako wafanyabiashara hodari sana wa aina hiyo, ila siye unayemtafuta leo.

Maneno "Père et Fils", yaani baba na wanawe, yasikuvute. Kampuni kubwa nazo huyatumia.

Ukinunua ukiwa Ufaransa, tazama pia kifuniko juu ya kizibo. Mara nyingi kina kichwa cha Marianne, mwanamke anayewakilisha Ufaransa, na herufi: R ni mvunaji mwenyewe, N ni mfanyabiashara. Chupa zinazosafirishwa nje mara nyingi hazina alama hiyo, kwa sababu ni ya kodi ya ndani ya Ufaransa.

Hatua ya 2: Soma jina hadi mwisho

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tangu sheria ya kiraia ya mwaka 1804, watoto hurithi kwa mafungu sawa, na mashamba ya Bourgogne yamegawanywa kizazi baada ya kizazi. Shamba maarufu la Clos de Vougeot lina takriban hekta 50, na wenyewe ni kama 80. Wengine wana safu chache tu za mizabibu. Wote wanaandika Clos de Vougeot kwenye lebo. Mmoja hupogoa kwa ukali wakati wa baridi ili kila mzabibu uzae kidogo na vizuri. Mwingine anataka wingi. Jina la shamba halikwambii ni yupi.

Zaidi ya hapo, kijiji kimoja kinaweza kuwa na binamu kadhaa wenye jina moja la ukoo, kila mmoja na ghala lake. Wanachotofautiana ni jina la kwanza. Ukipata chupa iliyokufurahisha, piga picha lebo nzima, usikariri ukoo peke yake.

Hatua ya 3: Anzia ngazi ya chini

Ngazi ni nne: mkoa (lebo husema "Bourgogne" tu), kijiji, Premier Cru (mashamba bora ya kijiji), kisha Grand Cru, mashamba ya daraja la juu kabisa, ambayo ni 33. Ushauri wangu ni thabiti: nunua ngazi ya chini ya mkulima makini kabla ya Grand Cru ya mtu usiyemjua. Vijiji visivyo na sifa kubwa, kama Marsannay, Santenay, Givry na Mercurey, vina familia zinazofanya kazi nzuri kwa bei ya kuvumilika. "Vieilles Vignes", mizabibu mikongwe, haina tafsiri ya kisheria. Muulize muuzaji ina umri gani.

Hatua ya 4: Poza

Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe zenye ubaridi. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat haufai. Pinot Noir inataka nyuzi 14 hadi 16. Iweke kwenye friji kama saa moja, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa robo saa. Ikiwa moto, kileo hukuvamia puani na harufu ya matunda hufunikwa.

Hatua ya 5: Fungua na unuse

Kata kifuniko chini ya mdomo wa chupa, ingiza kizibuo katikati, vuta taratibu. Nusa kabla ya kumhudumia mgeni. Ukisikia harufu ya kadibodi iliyolowana, kizibo kimeuharibu mvinyo; rudisha chupa dukani bila aibu.

Chupa changa mimina tu. Ile ya miaka mingi isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatulie, kisha mimina bila kusita-sita, ukiweka taa nyuma ya shingo, na ukome mashapo yanapokaribia shingo. Pinot Noir ya zamani siihamishii kwenye jagi: harufu yake huondoka haraka.

Hatua ya 6: Mezani

Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ujaze theluthi. Kuku wa kuchoma, bata na uyoga vinaendana nao vizuri. Punguza pilipili, kwa maana huchochea ukali wa kileo. Ukibaki, rudisha kizibo, weka kwenye friji, umalize ndani ya siku mbili au tatu.